Jina na Mahali

Anael Pineda alikuwa bawabu wa kanisa, kazi isiyo na mshahara wala shukrani. Kila Jumapili alisimama kwenye lango la chuma la kanisa la Mchungaji Wilfredo, mtaa wa Las Brisas, San Pedro Sula, amevaa shati alilojipigia pasi mwenyewe vibaya, maana aliyekuwa akimpigia pasi alikuwa kaburini. Mkewe Orbelina alikufa akisubiri mashine ya kusafisha damu katika hospitali ya serikali. Mashine hiyo kila waziri aliyekuja aliizindua upya, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuiona ikizunguka. Tangu siku hiyo Anael hakumwamini mtu yeyote mwenye cheo, awe wa serikali au wa Mungu. Lakini lango alilishika. Aliangalia kila uso unaoingia, na akiona kijana wa genge la kona aliyetumwa kuchungulia nani kaja na pikipiki mpya, alimpa mkono kwa heshima, akamkalisha benchi ya mbele kabisa, chini ya macho ya akina mama wote, mpaka kijana mwenyewe ajisikie mjinga, aondoke.

Mwaka huo alikuwa na hofu moja, na hofu hiyo ilikuwa na jina: Nolvia, binti yake wa pekee.

Nolvia alikuwa msusi. Mkubwa wa vijana wa kona, ambaye mtaa mzima ulimwita Chele kwa weupe wa ngozi yake, alimtaka. Mtu kama Chele akitaka mwanamke hambembelezi, anampa taarifa. Nolvia alimjibu hapana, tena mbele ya wateja, kitana mkononi. Wiki haikuisha akawa ameondoka na mtoto wake mdogo, begi moja, simu ameitupa mfereji wa maji machafu. Alijificha Marcala, kwenye milima ya kahawa, kwa Reina, binamu ya marehemu mama yake, mwenye tanuri la mkate. Las Brisas mtu hahami bila ruhusa ya vijana, kwa hiyo Anael alieneza habari kwamba binti kaenda kumuuguza shangazi. Vijana walimsikiliza wakitabasamu. Wakamuuliza shangazi anaumwa nini. Akasema miguu. Wakasema miguu ni kitu kibaya sana, mzee, haswa ikivunjika.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Mchungaji Wilfredo alifundisha kwamba ombi lisilo na jina wala mahali linazunguka hewani kama nzi. Hapo hukusikia mtu akisema niombeeni nina shida. Walisema, niombeeni mimi Marcos Funes, goti la kushoto, nyuma ya karakana ya matairi. Watu wa makanisa mengine waliwacheka, wakisema wale wanamwelekeza Mungu kama dereva wa teksi. Lakini Orbelina aliomba hivyo maisha yake yote, na Anael hakujua namna nyingine. Alikaa na ombi lake rohoni mpaka likaanza kumnyima usingizi, ndipo akamfuata Dada Digna, kiongozi wa akina mama waombaji, akampa jina kamili na mahali kamili. Digna alimshika mkono akamwambia litabaki chumba cha nyuma, baina yao waombaji na Bwana. Na lilibaki huko, mpaka ile programu ilipokuja.

Mchungaji Wilfredo alikuwa ameanza kuziogopa benchi zake. Zilikuwa zinapungua watu. Wengine walikwenda kaskazini, wengine walihamia makanisa yenye muziki mkubwa zaidi, wengine walichoka tu. Akasikia kwamba makanisa yanayokua yana programu ya simu, ambamo muumini anasikiliza mahubiri, anatoa sadaka, anaandika ombi na kuombewa kabla hajavaa viatu. Akaunda kamati ya kuchagua. Akamtia Anael humo kwa niaba ya wazee, yaani ili wazee wasije wakalalamika baadaye.

Kamati ilikaa Jumamosi mchana, kwa kahawa na semita, mikate mitamu ya kule. Mtaalamu alitoka Tegucigalpa, kijana aitwaye Josué, mwenye viatu vilivyochongoka na sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa. Alieleza kwamba njia ni tatu. Kubaki na kundi lao la simu kama lilivyo, ambalo aliliita, kwa huruma, soko. Au kuchukua programu moja ya nje ambayo kila anayetaka kuingia husubiri mpaka mzee wa kanisa amkubali kwa jina. Au kuchukua Redil, maana yake zizi, ambayo ndiyo aliyokuwa akiiuza. Redil ilikuwa na ukuta wa maombi. Ombi linabandikwa, waumini wanabonyeza alama ya mikono iliyofumbatana, na mwenye ombi anaona wangapi wamemwombea, na akina nani.

Anael aliuliza nani anasimama mlangoni.

"Mlango gani, mzee?" Josué akatabasamu. "Hakuna mlango. Ndiyo uzuri wake. Mwenye kiungo anaingia, anaandika jina lake, amekaribishwa."

"Na asiye wetu?"

"Ndiye tunayemtafuta," akadakia Mchungaji. "Ndugu Anael, Bwana hakuweka bawabu."

"Basi mimi ninasimama pale kama nini? Kama mti wa Krismasi?"

Walicheka wote, hata Digna, na kikao kikawa chepesi. Digna mwenyewe aliielekea ile ya kukubaliwa kwa jina, ila alisema waombaji wake ni akina bibi wasioweza kukumbuka neno la siri, wataishia kuomba nje ya mlango. Mchungaji alisema kitu cha kusubirisha watu si kitu cha injili. Anael alikuwa amekwisha kujiandaa kukataa kila kitu, kama alivyokataa kila kitu kilichotoka juu tangu msiba.

Ndipo Josué akasema Redil inatunza pia ibada za zamani, na kwamba kanisa lilimpa rekodi kadhaa za kujaribia. Akabonyeza. Kutoka kwenye spika ndogo mezani ikatoka sauti ya Orbelina. Alikuwa anaongoza watoto wa shule ya Jumapili kuimba korasi ya mchungaji na kondoo, anapanda sauti pale pale alipokuwa akipanda siku zote, akichelewa kidogo kama anayepanda ngazi na ndoo.

Ilipopigwa kura ya Redil, waliinua mikono. Wa Anael ulikuwa wa kwanza.

Kwa muda mambo yakawa mazuri kweli. Simu zililia katikati ya mahubiri na Mchungaji hakukasirika. Goti la Marcos Funes lilipata mikono mingi kuliko lilivyowahi kupata chumba cha nyuma, na mwenyewe alitembea akimwonyesha kila mtu. Anael alifungua Redil kila mchana akila maharage yake peke yake, akabonyeza pale pale, akamsikiliza mkewe. Kurasa nyingine hakuzigusa. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka, na macho yake hayakuwa ya kusoma.

Jumanne moja kidole chake chenye mafuta kiliteleza, ukafunguka ukurasa mwingine. Ulikuwa ukuta wa maombi. Akausoma polepole, kama asomavyo mtu aliyeacha shule ili akakate miwa, midomo ikifuata maneno. Ombi la mwenye sukari. Ombi la anayetafuta kazi kiwanda cha nguo. Halafu hili: Nolvia Pineda na mtoto wake, Marcala, kwenye tanuri la mkate la Reina. Bwana awafiche na adui.

Kijiko kilibaki hewani. Chini ya maneno hayo mikono iliyofumbatana ilikuwa imejipanga kama vifaranga. Aligusa, majina yakashuka. Digna. Marcos. Mke wa Mchungaji. Akina bibi wa chumba cha nyuma. Na karibu na mwisho, Selvin Arita.

Hakumjua mara moja. Kisha akamjua. Ni nani aliyebaki mtaani wa kulikumbuka jina hilo? Bibi yake Selvin mwenyewe, ambaye alikuwa amekufa. Orbelina, ambaye alimfundisha shule ya Jumapili na kumfungia baleada, chapati ya maharage, kwenye kitambaa kwa sababu alikuja na njaa. Na Anael. Wengine wote walimwita Chele.

Chele alikuwa ameingia zizini kwa jina lake la ubatizo, akasoma mahali alipo Nolvia, akabonyeza kwamba ameomba.

Anael hakukumbuka alivyofika kwa Dada Digna. Alimkuta kibarazani akikanda unga wa baleada za kuuza jioni. Alimwonyesha simu bila kusema. Digna alisoma, akasema kwa fahari kwamba ndiyo, Mchungaji aliwaagiza wahamishie ukutani maombi yote ya chumba cha nyuma, ili kanisa zima lisimame nayo. Aliandika kama alivyopewa, jina na mahali, hakupunguza hata neno. Kisha Anael akaweka kidole juu ya Selvin Arita, akamwambia ni nani.

Digna alikaa chini juu ya gunia la unga.

"Nilidhani wengi wakimwombea..." akaanza, hakumaliza. "Ndugu Anael, nitalifuta sasa hivi."

"Usiguse."

"Kwa nini nisiguse?"

"Ukilifuta atajua tumejua."

Na kweli, desturi yao ilikuwa imewafunga. Katika kanisa lile ombi haliondoki bila ushuhuda. Ombi likitoweka hivi hivi lingeuliziwa na kila bibi, na Chele angeona pengo lake.

Kituo cha polisi kilikuwa hatua chache kutoka pale, na hakuna kati yao aliyekitaja. Anael alikwenda kwa Mchungaji. Mchungaji alimsikiliza uso ukibadilika rangi, kisha akapata la kusema, kama wakubwa wapatavyo siku zote. Alisema huenda Bwana anamgusa kijana yule. Huenda ameomba kweli. Tusihukumu. Alipomsindikiza mlangoni alitazama barabara juu na chini, akamwomba Anael, kwa sauti ndogo kabisa, asije akamtaja yeye Mchungaji popote. Mchungaji hakuwa mkazi wa Las Brisas. Alikuwa na nyumba mtaa wenye ukuta, geti na mlinzi mwenye bunduki, ambako mtu asiye wao hukaguliwa kitambulisho. Anael alilifikiria geti hilo njia nzima ya kurudi. Halafu akaufikiria mkono wake mwenyewe, ulivyopanda wa kwanza, na hasira ikakosa pa kwenda.

Walimpigia Reina kwa simu ya Digna. Reina alijibu huku nyuma yake trei zikigongana. Alisema wote wazima, mtoto anakula mkate kama panya. Kisha akasema, bila kujua anachosema, kwamba jana alipita kijana mgeni wa pikipiki, mwenye adabu, akanunua mkate, akasifu, akauliza nani anaoka vizuri hivyo.

Anael aliisogeza simu mdomoni.

"Mtoe hapo," akasema. "Sasa hivi. Usisubiri mkate uive."

"Nimpeleke wapi?"

"Unajua pa kumpeleka?"

"Napajua mahali. Kuna dada mmoja wa..."

"Usiniambie."

"Anael, huyu ni mtoto wako."

"Ndiyo maana usiniambie. Wakinikalisha kwenye kiti nitasema, Reina. Najijua. Usiniambie leo, wala Krismasi, wala nikikulilia."

Aliomba aongee na binti yake. Nolvia alikuja kwenye simu akihema, mikono yake labda ina unga bado. Alimwita baba. Anael alitaka kumwambia mambo mengi, lakini alimwambia tu asimwache mtoto alale na nywele zenye maji. Nolvia akasema sawa. Simu ikakatwa, na hakujua ni nani kati yao aliyeikata.

Ushuhuda ulitungwa palepale kibarazani. Anael alisema, Digna akaandika, akisitasita, maana hakuwahi kuandika uongo juu ya kitu cha Mungu na alihisi vidole vyake vinaungua. Bwana amejibu. Nolvia Pineda na mtoto wake wamevuka salama. Kwa kufuata desturi ilibidi mahali pawepo, wakaandika Houston, Texas, kwa sababu hakuna nyumba Las Brisas isiyo na mtu Houston.

Anael alipanga uongo mmoja, ulale pale ukutani, usahaulike. Hakujua furaha ya watu ina miguu. Kabla ya jioni jirani alileta chungu cha nacatamal, unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwa majani ya mgomba. Marcos Funes alikuja kwa goti lake lile lile kumkumbatia. Wanawake waliuliza picha. Mchungaji, ambaye hofu yake iliyeyuka alipoona mikono mingi ikipanda ukutani kuliko kwenye ombi lolote lililotangulia, alipiga simu mwenyewe kusema ni lazima Anael ashuhudie Jumapili madhabahuni, na Josué angerekodi, ili makanisa mengine yaone Redil inavyofanya kazi. Anael alimwambia hajui kuhutubia. Mchungaji akasema Roho atampa maneno.

Jumapili alisimama langoni kama kawaida. Watu walimpita wakimpongeza. Ibada ikaanza, akashika komeo afunge, ndipo akaona shati jeupe linavuka barabara.

Lilikuwa la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono na mpaka kooni, kama wanavyovaa wanaotaka kuficha michoro ya genge mwilini. Chele alikuja bila haraka, peke yake, Biblia ndogo mkononi, ya kike, yenye zipu. Anael aliitambua. Ilikuwa ya marehemu bibi yake Chele.

"Bwana asifiwe, mzee. Nimechelewa?"

Mkono wa Anael ulifanya kazi yake ya miaka yote, ukafungua. Alimwonyesha benchi ya mbele. Chele akatikisa kichwa kwa upole, akaenda kukaa ya mwisho, karibu na lango, ambapo mtu anaona wote na anayetoka lazima ampitie.

Alipoitwa madhabahuni Anael alishika mimbari kwa mikono miwili. Aliwaona wote wakimtazama kwa mapenzi, watu aliowafungulia mlango kwa miaka, na nyuma yao uso mmoja mweupe usiopepesa. Alisema Bwana ni mwema. Alisema binti yangu Nolvia Pineda amefika Houston, Texas. Kanisa likalipuka kwa amina. Digna, pembeni, alifumba macho. Anael alitaka kushuka, ila Mchungaji alimshika bega akamwomba aseme zaidi, basi akasimulia mto ambao hajawahi kuuona na treni ambayo hajawahi kuipanda, na kila neno lilipotoka aliona mikono ya kule nyuma ikipiga makofi taratibu.

Ibada ilipokwisha alirudi langoni, kwa kuwa hapakuwa na bawabu mwingine. Chele alisubiri watu wapungue. Akampa mkono, na hakuuachia.

"Hongera, mzee. Nilimwombea sana."

"Asante, mwanangu."

"Houston sehemu gani? Nina jamaa zangu kule, wengi tu. Wampelekee salamu."

"Sijui."

"Mtaa tu. Mchungaji si anasema jina na mahali?" Akatabasamu. "Nami nataka nimwombee vizuri."

"Sijui, Selvin."

Jina lile lilikaa kati yao. Vidole vya Chele vilikaza kidogo.

"Baba hajui aliko binti yake?"

"Sijui aliko. Sijui analala wapi, sijui mtoto kala nini leo. Niue hapa, sijui."

Katika maneno yote aliyosema tangu asubuhi haya tu ndiyo yalikuwa ya kweli, na yalimtoka na machozi ambayo hakuyapanga. Chele alimtazama kwa muda mrefu, kama anayepima unga kwa jicho. Barabarani akina bibi walikuwa wakicheka na Marcos Funes.

"Mwalimu Orbelina alituambia wewe hujui kudanganya," akasema mwishowe. "Alisema ukidanganya masikio yanakuwa mekundu."

"Alinijua."

Chele aliyaangalia masikio yake. Moja, kisha la pili. Ndipo akauachia mkono.

"Akipiga simu mwambie namkumbuka," akasema. "Jumapili ijayo, mzee."

Alirudi Jumapili ile, na iliyofuata. Alikaa benchi ya mwisho, simu pajani, akisoma ukuta. Mchungaji alimtaja kwenye mahubiri kama kondoo aliyerejea, bila jina, na Josué alisema idadi ya waliojiunga inapendeza. Hakuna aliyekwenda Marcala tena, Reina alituma neno hilo moja kupitia kwa Digna na si zaidi, wala Anael hakuuliza zaidi. Kila alipotaka kuuliza aliuma ulimi wake kweli kweli, kwa meno.

Redil hakuifuta. Angeifuta, Chele angeona jina la mzee limetoka. Mchana mmoja, akila, alibonyeza tena pale pale, akamsikiliza Orbelina akiongoza watoto. Hakuwa amewahi kuwasikiliza watoto wenyewe. Sasa aliwasikia. Katikati yao palikuwa na kasauti kamoja kembamba, kenye njaa ya kusifiwa, kakiwatangulia wenzake kidogo katika kila mstari, na Orbelina akicheka kwa sauti ya chini akikarudisha: taratibu, Selvin.

Alizima simu. Akasukuma sahani pembeni, akainamisha kichwa juu ya meza ili aombe, na kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto hakutaja mtu wala mji. Alisema tu, huyo unayemjua, hapo alipo. Kisha akanyamaza haraka, akageuka kutazama dirisha, kana kwamba hata hayo yalikuwa mengi.